Makali ya Huku, Mpini wa Kule: Mpingo katika Historia ya Kisu cha Kuwindia cha Kufuliwa kwa Mkono Nchini Marekani

Katika maelezo yanayoandikwa na wahunzi wa Marekani kuhusu visu vya kuwindia wanavyovifua kwa mikono yao, mpini hutajwa mwisho. Hutangulia jina la mhunzi, likafuata jina la chuma, kisha urefu wa bapa, na hatimaye mti uliotumika, ambao mara nyingi huelezwa kuwa ni mti wa kigeni. Mmoja wa miti hiyo ni mpingo. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na maelezo hayo hujikuta mahali pa ajabu kidogo, kwa kuwa kinachoitwa kigeni ndicho anachokijua, na kisu chenyewe ndicho kigeni kwake. Makala haya yanachunguza jinsi kisu hicho na mti huo vilivyokutana. Hoja yake ni kwamba uhunzi wa visu uliofufuliwa Marekani katika karne ya 20 ulijijengea vipimo vikali vya chuma, lakini ukauacha mti upimwe kwa jicho tu. Kwa sababu hiyo historia ya mpini ilibaki nje ya historia ya kisu mpaka sheria ya biashara ya kimataifa ilipoiingiza kwa nguvu.

Kabla ya kuendelea yafaa kuweka wazi istilahi chache. Chuma chenye kaboni ya kutosha kuweza kutiwa maji na kushika makali kitaitwa hapa feleji. Sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini itaitwa msuka, kama waitavyo wakulima kwenye jembe, na pete ya madini inayofunga mpini pale bapa linapotokeza itaitwa noleo. Maneno haya yamo katika Kiswahili tangu zamani, na hapana sababu ya kuyakopa kwingine.

Mpini wa ngozi na wa pembe

Ni kosa kudhani kwamba mti wa mbali ulikuwamo katika kisu hiki tangu mwanzo. William Scagel wa Michigan, aliyefariki mwaka 1963 na ambaye wahunzi wengi wa Marekani humhesabu kuwa babu wa kazi yao, alitengeneza mipini kwa visahani vya ngozi vilivyopangwa juu ya msuka na kubanwa pamoja, mara nyingi akimalizia kwa kipande cha pembe ya kulungu. Vitu hivyo vilipatikana karibu naye, na mwindaji aliyekuwa ameangusha kulungu aliweza kumpelekea mhunzi pembe za mnyama wake mwenyewe. Mpini ulikuwa ushahidi wa windo.

Kisu cha Scagel ndicho kilichomfundisha kazi W. D. Randall wa Florida. Katika miaka ya 1930, akiwa mapumzikoni kando ya Ziwa Walloon huko Michigan, Randall alimwona mtu akikwangua rangi ya mashua kwa kisu, na kisu hakikufa makali. Akakinunua. Kabla ya muongo huo kwisha alikuwa amefua cha kwake, na Vita Kuu ya Pili ilipokuja, askari wa Marekani wakawa wanamwandikia barua za kuagiza visu kuliko alivyoweza kuvifua. Hapa tayari tunaona jambo litakaloandama biashara hii mpaka leo, nalo ni kungoja. Kisu cha kiwandani hununuliwa dukani siku hiyo hiyo. Kisu cha mhunzi husubiriwa.

Kungoja huko ndiko kulikomzaa mhunzi wa tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, baharia Robert Loveless aliingia katika duka la Abercrombie & Fitch jijini New York, duka lililojulikana kwa kuuza vifaa vya uwindaji na safari, akitaka kisu cha Randall. Aliambiwa asubiri miezi tisa. Hakusubiri. Alichukua springi ya gari kuukuu aina ya Packard ya mwaka 1937, akaifua melini, na kisu hicho kikawa mwanzo wa kazi yake ya maisha. Neno safari, ambalo duka hilo na wateja wake walilitamka bila kujiuliza limetoka wapi, lilikuwa limekwisha kuvuka bahari muda mrefu kabla ya vipande vya mpingo kuanza kutamaniwa na watengenezaji wa visu.

Kurudi kwenye nyundo

Loveless mwenyewe hakudumu na nyundo. Yeye na wengi waliomfuata walikata umbo la kisu kutoka kwenye bamba la feleji ya viwandani na kulisaga mpaka likawa bapa. Njia hiyo ilitoa visu bora sana, na umbo lake la kisu cha kuwindia, lenye mgongo unaoshuka taratibu kuelekea nchani ili ncha isitoboe matumbo ya mnyama anayepasuliwa, limeigwa duniani kote. Chama cha watengenezaji visu kilipoundwa nchini Marekani mwaka 1970, wanachama wake wengi walikuwa wasagaji. Uhunzi wa kufua visu ulielekea kuwa kumbukumbu.

Aliyegeuza mkondo ni William F. Moran wa Maryland, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2006. Katika maonyesho ya chama hicho mwaka 1973, Moran alileta visu ambavyo mabapa yake yalikuwa na michirizi kama ya maji yanayotembea. Alivipata kwa kuunganisha motoni tabaka za madini mawili tofauti, akakunja, akafua, akakunja tena. Hesabu yake ni rahisi: kipande kimoja kikikunjwa mara 9 hutoa tabaka 512. Baadaye bapa hutiwa katika tindikali, ambayo hula tabaka moja zaidi ya nyingine, na michirizi ikaonekana. Moran hakuficha namna alivyofanya. Mwaka 1976 yeye na wenzake watatu walianzisha chama cha wahunzi wa mabapa, American Bladesmith Society, na mwaka 1988 shule ya uhunzi ikafunguliwa katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Arkansas.

Feleji hiyo iliitwa ya Dameski, na jina hilo limezua mkanganyiko ambao mtafiti hapaswi kuupitia kimya. Panga za kale zilizopewa jina la Dameski zilifuliwa kwa feleji iliyoyeyushwa ndani ya chungu, iliyotoka hasa Uhindi ya Kusini na Sri Lanka, na michirizi yake ilitokana na namna kaboni ilivyojipanga ndani ya chuma kilipokuwa kikipoa. Alichofanya Moran kilikuwa kitu kingine, ingawa nacho kina ukale wake. Zipo pia kauli zinazoihusisha pwani yetu na feleji ile ya kale, kwa sababu al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, alieleza kuwa chuma cha Sofala kilipelekwa Uhindi na kuthaminiwa huko. Maelezo hayo ni ya thamani kwa historia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Kutoka hapo kudai kwamba panga za Dameski zilikuwa za chuma cha Afrika Mashariki ni kuruka mto ambao bado haujajengewa daraja, na nimeona dai hilo likirudiwa mara nyingi mno na watu wanaolitaka liwe kweli.

Jambo la msingi kwa hoja ya makala haya ni mtihani ambao chama cha Moran kiliuweka. Anayetaka daraja la kwanza hufika mbele ya mhunzi mkuu akiwa na kisu alichokifua mwenyewe. Hukata kwa pigo moja kamba inayoning'inia, yenye unene wa inchi 1. Kisha hukatakata kwa kisu hicho hicho ubao wa ujenzi mpaka ukatike vipande viwili, na afanye hivyo mara mbili. Kisha kisu hicho, bila kunolewa upya, lazima kinyoe nywele za mkono. Mwisho hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90, na kinaruhusiwa kupata ufa kwenye makali lakini hakiruhusiwi kuvunjika. Anayetaka daraja la mhunzi mkuu hurudia yote hayo kwa bapa la tabaka zisizopungua 300. Kisu cha mtihani hufa katika mtihani. Baada ya hapo mtahiniwa hupeleka visu vingine mbele ya jopo, na hapo ndipo mpini unapoangaliwa: je, mti umekaa sawasawa kwenye noleo? Je, kuna pengo hata la upana wa unywele? Je, umeng'arishwa?

Hakuna swali linaloulizwa kuhusu mti ulikatwa wapi, na nani, au kwa kibali gani. Silitaji hili kwa kuwalaumu waliotunga mtihani. Wao walikuwa wakiokoa ufundi wa chuma, na waliuokoa kweli. Ila matokeo yake ni kwamba fundi anaweza kueleza historia ya kila tone la kaboni katika bapa lake huku akijua kuhusu mpini jina la muuzaji tu.

Chuma kinachotiwa maji na mti usiotiwa rangi

Ni nini hasa kinachomfanya mtu aache bamba lililo tayari na kurudi kwenye moto? Katika miaka ya mwanzo ya ufufuo huo baadhi ya wahunzi walidai kwamba kuyagonga makali kwa nyundo huyabana chuma chake na kukifanya kiwe kigumu zaidi. Wataalamu wa madini hawakulikubali dai hilo, kwa sababu chuma hakibaniki kwa namna hiyo, na moto unaofuata hufuta athari za nyundo. Faida ya kufua iko kwingine. Mhunzi hupata umbo bila kupoteza chuma kingi kwenye jiwe la kusagia. Anaweza kutumia chuma kilichokwisha kufanya kazi nyingine. Na analazimika kuujua moto.

Kuujua moto ndiko ufundi wenyewe. Feleji hupashwa mpaka isivutwe tena na sumaku, halafu huongezwa moto kidogo, na hapo hutumbukizwa katika mafuta ya uvuguvugu. Hutoka ikiwa ngumu kama kioo na tepetevu kama kioo. Ikianguka sakafuni inaweza kukatika. Kwa hiyo hurudishwa katika joto dogo la karibu nyuzi 200 za selsiasi, mpaka chuma kilichosuguliwa kipate rangi ya majani makavu, ili kipunguze ukali wa ugumu wake na kupata ustahimilivu. Wahunzi wengi huyafanya makali kuwa magumu na kuuacha mgongo laini. Ndiyo maana kisu cha mtihani hupindika bila kuvunjika.

Mpini nao una madai yake. Kisu cha kuwindia hufanya kazi ndani ya damu, mafuta na mvua, na mti wa kawaida hunywa vyote hivyo, ukavimba, ukakauka, ukaachana na chuma. Mpingo haunywi kwa urahisi. Uzito wake unafikia au kuzidi gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo kipande chake huzama majini. Nyuzi zake ni nyembamba na zimebanana, una mafuta yake wenyewe, na ukisuguliwa kwa msasa mwembamba hung'aa bila vanishi wala rangi. Sifa hizo hizo ndizo zilizoufanya kuwa mti wa zumari za Ulaya, klarineti na obo, kwa zaidi ya karne moja. Ubaya wake haufichiki: hukua polepole sana, ukihitaji miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa; hupasuka ukipashwa moto ghafla; huchosha misumeno; na vumbi lake huwasha ngozi na mapafu ya fundi asiyejikinga.

Kwa tabia hiyo ya kupasuka, msuka haupenyezwi katika mpingo kwa kuchomwa moto. Mti hutobolewa kwanza, au hupasuliwa vibao viwili vinavyofungwa ubavuni mwa msuka mpana kwa misumari ya shaba. Vibao hivyo ni vidogo. Kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 12, upana wa 3 na unene wa milimita 8, mpini mzima utabeba takribani gramu 70 za mti. Kipande kilichokataliwa na watengenezaji wa klarineti kwa sababu ya jicho au mpasuko chaweza kutosha. Kwa kipimo cha magogo, basi, visu si mteja mkubwa wa mpingo, na makala haya hayadai hivyo. Umuhimu wa kisu uko katika yale yanayosemwa na yasiyosemwa juu yake.

Wahunzi wa upande huu

Nchi zinazotoa mpingo zilikuwa na uhunzi wake. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Nyanza, mabaki ya tanuri yanaonyesha kuwa chuma kiliyeyushwa tangu milenia ya kwanza ya zama hizi au kabla yake. Peter Schmidt na Donald Avery walipoandika mwaka 1978 kwamba mafundi wa huko walipata joto kali kwa kupasha hewa kabla haijaingia kwenye makaa, walizua mjadala wa kitaaluma uliodumu miaka mingi. Ufipa palikuwa na malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri ndogo iitwayo kintengwe, na ndipo kikamfikia mhunzi. Wembah-Rashid alieleza kazi hiyo mwaka 1969 akitegemea wazee waliokuwa bado wanaikumbuka. Upareni uhunzi ulikuwa mali ya ukoo wa Washana, wenye miiko yao, na mtu wa nje hakukaribia fuawe ovyo.

Uyeyushaji huo ulikufa katika kipindi cha ukoloni, ukisongwa na majembe na vyuma vya bei nafuu kutoka Ulaya. Ufuaji haukufa. Ulihamia kwenye chuma chakavu, na juu ya yote kwenye springi za magari. Hapa mambo mawili yanakutana kwa namna ambayo sijaona ikizingatiwa ipasavyo. Springi ambayo Loveless aliifua ndani ya meli, na springi ambayo mhunzi wa mtaani Tanzania huifua leo kuwa panga au kisu cha mchinjaji, ni vitu vya jamii moja: feleji ya kaboni ya kadiri, iliyotengenezwa ili ipindike na kurudi. Wahunzi wa Marekani bado huipenda feleji ya springi kwa visu vikubwa. Maarifa ya kuutambua moto kwa rangi yake ni yale yale. Tofauti ni kwamba kisu cha mmoja hupigwa chapa ya jina lake kwenye bapa, nacho huwekwa ndani ya ala ya ngozi na kurithiwa. Cha mwingine huuzwa sokoni juu ya gunia, bila jina, kwa bei ya chombo cha jikoni. Na ni nadra kwa huyu wa pili kutia mpini wa mpingo, ijapokuwa mti huo unaota katika nchi yake.

Neno kuwinda lenyewe limegawanyika. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri iliyofanya uwindaji uwe wa leseni, na tawala zilizofuata ziliendeleza mkondo huo. Mzungu aliyelipia leseni alibaki kuwa mwindaji. Mwenyeji aliyeendelea kutafuta kitoweo kama baba yake akaitwa jangili. Kwa hiyo kisu cha kuwindia kiliweza kutukuzwa Marekani kama alama ya uhuru wa mtu porini katika karne ile ile ambamo, katika misitu inakotoka mipini yake, kukutwa na kisu na nyama mbichi kuliweza kuwa ushahidi wa mashtaka. Waswahili husema kuwa mmoja ameshika mpini na mwingine ameshika makali. Usemi huo ni wa mamlaka, lakini katika habari hii una maana ya wazi mno kiasi cha kumfanya mwandishi asite kuutumia.

Mpingo katika Kiambatisho cha Pili

Kwa muda mrefu jina la mti lilitosha. Mti wa Brazili wa jamii moja na mpingo, Dalbergia nigra, uliwekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES mwaka 1992, na biashara yake ikafungwa isipokuwa kwa akiba ya zamani. Mpingo, Dalbergia melanoxylon, uliendelea kuuzwa bila masharti ya mkataba huo. Hali ilibadilika pale nchi wanachama zilipokutana Johannesburg mwaka 2016 na kuamua kuingiza jamii nzima ya Dalbergia katika Kiambatisho cha Pili, kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Msukumo mkubwa haukutoka kwa visu wala klarineti, bali kwa soko la samani za miti myekundu huko Uchina. Lakini sheria ilipotua, ilimgusa kila mtu: mhunzi wa Arkansas aliyetaka kumpelekea mteja wa Ujerumani kisu chenye mpini wa mpingo au wa kokobolo alijikuta akiulizwa, kwa mara ya kwanza, mti wake umetoka wapi.

Katika upande wa pili wa bahari swali hilo lilikuwa limekwisha kuanza kujibiwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji vya Tanzania kutenga misitu yao ya hifadhi na kuuza mazao yake. Katika Wilaya ya Kilwa kijiji cha Kikole kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuvuna mpingo kwa utaratibu huo, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vya wilaya hiyo ilipata hati ya baraza la kimataifa la FSC. Gogo lenye hati hiyo lina historia iliyoandikwa: kijiji, msitu, mwaka wa kuvunwa. Mpini uliokatwa kutoka kwenye gogo hilo waweza, kwa kanuni, kuwa na maelezo kamili kama bapa lake.

Kwa kanuni, kwa sababu mkataba ulilegezwa upesi. Mkutano uliofuata, uliofanyika Geneva mwaka 2019, uliziondoa katika sharti la kibali ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa, baada ya wanamuziki na viwanda kulalamika. Bidhaa nyingine zilizokamilika ziliondolewa nazo, mradi mti wa aina iliyoorodheshwa usizidi kilo 10 katika shehena moja. Kipande cha mpingo ambacho hakijatengenezwa bado huhitaji hati kinapovuka mpaka; kisu kilichokamilika hakihitaji. Kwa kadirio la gramu 70 lililotolewa hapo juu, shehena ya kilo 10 ni visu zaidi ya 140, idadi ambayo mhunzi anayefua peke yake hawezi kuifikia kwa urahisi hata kwa mwaka mzima.